Sarafu ya Zamani Yenye Kasoro: Imetoka Kiwandani au Mtaani?



Swali la safari hii tumeletewa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama. Tumeona tulijibu hapa kwa urefu, kwa maana tunajua haliwahusu wao peke yao.

Mama mmoja katika kikundi chao aliachiwa na mama mkwe wake mkebe wa sarafu za zamani. Ndani mlikuwa na ndururu na mapeni yenye tundu, shilingi za simba, sumuni chache, na pesa za kwanza za Jamhuri zenye picha ya Mzee Kenyatta. Mkebe ulikaa juu ya kabati miaka na miaka. Halafu akaja broka mmoja, kijana mwenye maneno matamu. Akazimwaga sarafu, akazipekua, akatenga tatu kando. Hizi, akasema, ziliharibika zikiwa kiwandani, na kuna matajiri ng'ambo wanaozitafuta kwa mamilioni. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakutaka kuzinunua. Alitaka kikundi kitoe shilingi 18,000 za picha na cheti, halafu mnunuzi atume pesa.

Hizo 18,000 hazikuwa za bure. Zilikuwa pesa za mzunguko wa mwezi huo, na zamu ilikuwa ya mjane aliyengoja miezi minane apate mabati ya nyumba. Mwenyekiti alikuwa tayari kutoa. Wanachama wengine nao walikuwa wameshaanza kugawana mamilioni kwa mdomo. Mweka hazina akakataa kutia sahihi mpaka aulize kwanza. Akapanda matatu, akaja na mkebe wote ndani ya kiondo, tukaumwaga mezani.

Tutaeleza yale tuliyoyaangalia siku hiyo ili nanyi muweze kuyaangalia nyumbani. Vifaa ni vichache: kioo cha kukuza, mwanga wa jua wa asubuhi, mizani ndogo ya sonara kama mnaweza kuazima, na sarafu nyingine za aina ile ile za kulinganisha. Hizi za kulinganisha ndizo muhimu kuliko vyote. Sarafu moja peke yake inaweza kukudanganya. Ukiiweka kando ya wenzake watatu wa mwaka ule ule, uongo unaonekana upesi.

SARAFU HUTENGENEZWA NAMNA GANI

Huwezi kujua kosa la fundi kama hujui kazi ya fundi. Kwanza, bamba refu la shaba au nikeli hupitishwa kwenye mashine inayokata visahani vya mviringo, kama vile mama anavyokata unga wa mandazi kwa kikombe. Kisahani hicho bado ni kitupu. Hupitishwa kwenye mashine ya pili inayokibana pembeni ili ukingo wake uinuke. Kama ni sarafu ya tundu, kwa kawaida tundu hutobolewa kabla ya chapa kupigwa. Mwisho kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, huku kimezungukwa na pete ya chuma ili kisitanuke ovyo. Mihuri inakibana kwa nguvu kubwa sana, na pande zote mbili zinapata chapa kwa pigo hilo hilo moja.

Kosa la kiwandani ni lile lililotokea katika hatua hizo. Kila kitu kilichoipata sarafu baada ya kutoka kwenye mashine, kama kukanyagwa na lori, kuungua nyumba, kupigwa nyundo, kukwaruzwa kwa tupa, kutobolewa ili ivaliwe shingoni, huo ni uharibifu tu. Mnunuzi wa kweli hulipia la kwanza. La pili humfanya apunguze bei au akatae kabisa.

TOFAUTI SI KOSA

Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Sarafu ya kwanza aliyoitenga yule broka ilikuwa peni, yaani senti kumi, ya mwaka wa 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Aliwaambia akina mama kwamba mfalme huyo hakuwahi kuvikwa taji, kwa hivyo pesa yake ilitoka kwa makosa. Maneno hayo nusu yake ni kweli, na uongo ulio na nusu ya kweli ndio mbaya zaidi. Edward alishika ufalme Januari 1936 akajiuzulu Desemba mwaka huo huo, kabla ya kutawazwa. Huko Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa wananchi. Lakini ndururu na mapeni ya Afrika Mashariki hayakuwa na sura ya mfalme yeyote. Pale ambapo kichwa kingekaa palikuwa na tundu. Yalihitaji taji na jina basi, na yalipigwa kwa mamilioni, yakasambazwa kila soko. Ni kumbukumbu nzuri ya historia, watoto waonyeshwe. Lakini si kosa, na wala si adimu. Ikiwa imechakaa kama ile ya mkebeni, wauzaji wa sarafu huiuza kwa bei ya chai na chapati.

Wengine huona herufi ndogo karibu na mwaka na kudhani imeingia kwa bahati mbaya. Hizo ni alama za viwanda. H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham. KN ni King's Norton, pia Birmingham. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baadhi ya sarafu zetu zilipigwa Bombay, zikawekwa I, na nyingine Pretoria, zikawekwa SA. Kukosa herufi pia si kasoro.

Wengine tena husoma GEORGIVS wakasema, tazama, wameandika V mahali pa U! Hicho ni Kilatini, na Kilatini cha kale huandika hivyo. Halafu kuna maneno IND:IMP, maana yake Mfalme Mkuu wa India. India ilipata uhuru mwaka wa 1947, na mwaka uliofuata mfalme akaacha cheo hicho. Kwa hivyo shilingi ya mwaka wa 1952 haina maneno hayo na ile ya mwaka wa 1942 inayo. Hakuna aliyesahau kitu. Vivyo hivyo ndururu na mapeni ya 1964 hayana jina la mfalme kabisa, kwa sababu nchi zetu zilikuwa zimekwisha kujitawala, ingawa bado tulikuwa tukitumia pesa moja ya Afrika Mashariki.

Hata kwa pesa za Kenya yenyewe ni hivyo. Sarafu zetu za kwanza, za mwaka wa 1966 hadi 1968, zina sura ya Mzee bila jina lake. Kuanzia 1969 jina likaongezwa kuzunguka sura. Na zile zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu bila rais yeyote, kwa sababu Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu kwenye pesa.

Kwa ufupi, kama sarafu zote za mwaka ule ziko hivyo, hiyo ni desturi ya mwaka ule. Kosa ni pale moja inapotofautiana na dada zake.

MAMBO YA TUNDU

Sarafu ya pili ya broka ilikuwa ndururu isiyo na tundu. Hii ilitushtua kidogo, kwa maana makosa ya namna hiyo yapo kweli. Kisahani kikipita bila kutobolewa, kinafika kwenye mihuri kikiwa kizima na kinapigwa chapa hivyo hivyo. Wakusanyaji wa sarafu huzipenda. Na kwa kuwa wanazipenda, kuna mafundi wanaozitengeneza.

Tukaiweka chini ya kioo. Katika sarafu halisi iliyokosa tundu, katikati ni shaba ile ile, rangi ile ile, uchakavu ule ule, na hakuna mpaka wowote. Hii yetu ilikuwa na duara nyembamba kama uzi kuzunguka katikati, na ndani ya duara hilo rangi ilikuwa nyekundu zaidi. Tukaidondosha juu ya saruji pamoja na ndururu ya kawaida. Ya kawaida ililia kama kengele ndogo. Hii ililia kama kifuniko cha chupa. Mtu alikata kipande cha shaba, akakigongomea kwenye tundu, akapiga tupa pande zote mbili. Kazi nzuri ya jua kali, lakini ni ya juzi juzi.

Kinyume chake pia hutokea, yaani mtu kutoboa sarafu isiyo na tundu. Tundu la drili lina kingo kali, mara nyingi na vinyweleo vya chuma upande mmoja, na ndani yake chuma hung'aa kuliko nje. Tundu la kiwandani lina ukingo laini ulioinuka kuzunguka, na uchafu wake ni wa umri mmoja na sarafu nzima. Ukikuta sarafu ina tundu lake la kawaida katikati na la pili karibu na ukingo, mara nyingi hilo la pili alilitoboa mtu ili aitie kwenye ushanga. Nyanya zetu walizivaa sana.

Sasa, katika kumwaga ule mkebe, sisi wenyewe tuliona kitu ambacho broka hakukitazama mara mbili. Peni moja ya miaka ya hamsini ilikuwa na tundu lililokaa kando, si katikati, hata limeuma kipande cha pembe ya ndovu iliyochorwa pale. Kingo za tundu hilo zilikuwa laini na zimezeeka sawa na sehemu nyingine. Hakukuwa na tundu la pili. Herufi zilizokuwa karibu nalo zilikuwa zimelegea kidogo kuelekea upande wa tundu, kama kitambaa kinachovutwa, kwa sababu wakati chapa inapigwa nafasi ilikuwa tayari wazi na shaba ikasukumwa humo. Hiyo ndiyo dalili tuliyokuwa tukiitafuta. Drili haiwezi kuvuta herufi namna hiyo. Drili hukata tu.

PENGO, MISTARI NA CHAPA ILIYOHAMA

Sarafu yenye pengo pembeni, kama iliyoumwa na panya, yaweza kuwa kosa la kweli. Mashine ya kukata visahani ikikata mahali palipokwisha kukatwa, kisahani hutoka na pengo la mviringo, kama andazi lililokatwa karibu mno na mwenzake. Angalieni upande ulio mkabala kabisa na pengo. Katika nyingi zilizo halali, ukingo wa upande huo ni hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kubana upande wa pili. Pengo la tupa au la mkasi haliathiri upande wa pili hata kidogo, na herufi zilizo kando yake zimekatwa ghafla. Na mjue kwamba kukata au kupunguza pesa ya nchi ni hatia, hata kama nia ni mchezo.

Mstari uliopita juu ya sarafu: upapase kwa ukucha. Ukiwa umeinuka, yaelekea muhuri ulipata ufa na chuma kikajaa ndani ya ufa huo. Hilo ni la kiwandani. Ukiwa umechimbika, huo kwa kawaida ni mkwaruzo. Herufi iliyokosekana ni ngumu zaidi kuamua. Pengine mafuta ya mashine yalijaa kwenye muhuri ikatoka hafifu, lakini mara nyingi ni kuchakaa tu, na kuchakaa huanza na sehemu zilizoinuka juu zaidi.

Chapa iliyohama, yaani picha kukaa upande mmoja na upande mwingine kubaki mtupu, ni kosa rahisi kutambua na ni vigumu kuigiza. Upande mtupu huwa laini bila alama za nyundo. Ikihama sana hadi robo au nusu ya sarafu ni tupu, na mwaka bado unasomeka, hiyo itunzwe vizuri.

Herufi zinazoonekana mbili mbili tunawashauri msijisumbue nazo bila mtu mwenye ujuzi. Nyingi ni mtikisiko wa mashine na hazina bei.

Kuhusu sarafu za rangi mbili za miaka ya 1990, zile za shilingi tano, kumi na ishirini: tumeonyeshwa nyingi ambazo kiini kimetoka, na kila mwenye nayo anaamini ni hazina. Watoto huzitoa kiini kwa msumari. Tafadhali.

SHILINGI ILIYOGEUKA

Sarafu ya tatu ilikuwa shilingi ya simba ya mwaka wa 1942. Juu ya uso wa mfalme palikuwa na maandishi yaliyogeuka kinyume, kama unayoyaona kwenye kioo. Kosa la namna hii lipo. Sarafu moja ikigandamana na muhuri badala ya kutoka, kisahani kinachofuata kinapigwa na sarafu hiyo, na hivyo kinapata picha iliyogeuka na kuzama ndani. Lakini hapo picha iliyogeuka huwa kamili na safi, na upande wa pili wa sarafu huwa mzima kabisa, kwani ulipigwa na muhuri wake kama kawaida.

Hii yetu ilikuwa na herufi nne tano zilizogeuka, zimelala juu ya sura ya mfalme iliyokuwepo tayari. Tukaigeuza. Simba alikuwa amelala bapa, mgongo wake umepondeka. Mtu aliweka sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa, ile vaisi ya mafundi, akakaza. Upande mmoja ukapokea alama na wa pili ukaumia.

Broka alikuwa amesema pia kwamba ni fedha tupu. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, sehemu 25 kwa mia. Sarafu ina uzito wa gramu kama 7.8, kwa hivyo fedha iliyomo haifiki hata gramu 2. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa.

KAMA KOSA NI LA KWELI, NI PESA NGAPI?

Tunajua hili ndilo swali mlilotaka tuanze nalo. Kosa la kweli linaweza kuongeza bei ya sarafu, pengine kidogo, pengine sana. Inategemea ukubwa wa kosa, hali ya sarafu na idadi ya wanaoitaka. Mwaka wa 2008 huko Uingereza mihuri ya senti ishirini ilibadilishwa, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa bahati mbaya muhuri wa zamani ulitumika pamoja na mpya, zikatoka sarafu nyingi zisizo na mwaka wowote. Magazeti yakapiga kelele na watu wakaota utajiri. Kumbe zilikuwa maelfu kwa maelfu, na mwaka wa 2009 kampuni moja ya London ilikuwa ikitoa pauni 50 kwa kila moja. Ni pesa nzuri kwa senti ishirini, lakini si shamba. Na hiyo ni nchi yenye wakusanyaji wengi kuliko kwetu.

Mnunuzi wa kweli huangalia sarafu, hutaja bei, hulipa, huondoka. Anayetaka mlipe kwanza, iwe ni ada ya cheti, ya picha, ya forodha au ya kufungua akaunti, huyo biashara yake ni ada. Kama anaamini sarafu ina mamilioni, mwambieni akate ada yake kwenye hayo mamilioni.

Jambo jingine ni usafi. Mwenye mkebe alikuwa amesugua sarafu kadhaa kwa majivu na limau ili zipendeze kwa wageni. Aliposikia ameziharibia bei alisikitika sana, lakini angejuaje? Msisugue. Msitumie waya wa sufuria, dawa ya meno, wala asidi ya betri. Kama zina udongo, lowesheni kwa maji safi, kausheni kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha kila moja iingie kwenye bahasha yake ya karatasi.

Na kama sarafu imefukuliwa shambani au kwenye magofu, hasa ninyi wa pwani, hiyo ni habari nyingine. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale kwa sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi. Hapo zimo hata zile pesa za Mombasa za 1888 zenye picha ya mizani. Msiuze ng'ambo kienyeji. Waulizeni Makumbusho ya Taifa, na mwandike mahali hasa mlipoipata.

Mweka hazina alirudi nyumbani na mkebe wake jioni ile ile. Siku ya mkutano broka alifika. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa ameelezwa, akamwambia kwa upole kwamba kikundi kimekubali auze zile sarafu tatu na achukue nusu nzima ya bei kama malipo yake, ila hapatatoka senti ya mbele. Kijana akasema atapiga simu. Hajapiga.

Mjane alipewa pesa zake siku hiyo hiyo na mabati yamekwisha kupandishwa. Ile peni ya tundu la kando iko ndani ya bahasha, juu yake limeandikwa jina la marehemu mama mkwe, na mwenye mkebe anasema hauzi kwanza.